Vita Vitatu na Gauni Moja Jeupe

Babu yangu mzaa baba hakuwa mtu wa kubeba kitu. Simaanishi kwamba alikuwa mvivu. Alilima mpaka shati likalowa, na kuni alizipasua vizuri kuliko vijana wote wa kijiji chetu. Lakini akishazipasua, aliziacha palepale zilipoangukia, akapangusa shoka kwa majani, akaenda zake. Kuzibeba ilikuwa kazi ya mwingine. Kanisani alijitahidi kuketi karibu na mwenye kitabu cha nyimbo ili asilazimike kushika chake. Fimbo alikuwa nayo, ila hiyo alidai haibebi, ni yenyewe inayombeba yeye.

Hata sisi wajukuu hakutubeba. Alitupenda kupita kiasi, lakini mtoto aliwekwa mapajani pake akiwa ameketi, na kabla hajainuka ilibidi mtu aje amwondoe. Mimi nilikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kike, kwa hiyo aliniita "mke wangu," kama mababu wanavyotania, na mke huyo akatembea kwa miguu yake mwenyewe. Nikilia njiani kwamba nimechoka, alisimama, akaningoja, akaniambia, "Basi tuchoke pamoja." Niliona ni ukatili. Nilikuwa karibu mtu mzima nilipoelewa kwamba mikono yake ilikuwa imekula kiapo.

Kiapo hicho kilitoka vitani. Na nyumbani kwetu vita vilikuwa vitatu, kila mtu na vyake, na kila Jumapili baada ya ibada viligombana.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na sisi tulikuwa tumehamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, nje kidogo ya mji wa Thika, upande wa Kiganjo. Vibanda vilikuwa vimepangwa mistari kama mahindi. Lango lilifunguliwa jua likichomoza, likafungwa kabla halijatua. Sitaki kuyapaka sukari mambo ya siku zile. Kuna majirani waliochukuliwa na hawakurudi, na kuna njaa niliyoiona kwa macho. Lakini watu hawalii kutwa nzima. Mtu akilia sana huchoka, akitafuta pumzi anajikuta anacheka. Na kwetu kicheko kilianzia kwa babu.

"Vita ni kutembea," alisema, akinyoosha miguu yake mirefu kwenye jua. "Bunduki niliiona mara moja moja. Nilichoona kila siku ni mgongo wa mtu aliye mbele yangu."

Alichukuliwa kijana kabisa, katika vita vile vya kwanza, kwenda Tanganyika kuwabebea Waingereza mizigo walipokuwa wakiwasaka Wajerumani. Kwetu, mzigo wa mgongoni ulikuwa wa wanawake, na ukanda wake wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Mwanamume alishika mkuki. Vita vikamnyang'anya babu mkuki, vikamtwika sanduku kichwani. Alitembea nalo miezi na miezi, mvua yake, jua lake. Mbele yake alitembea mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye siku moja. Siku moja huyo rafiki akaanguka. Sanduku lake likapewa mwingine, yeye akaachwa kando ya njia, na babu akaambiwa asisimame.

"Na ndani ya sanduku kulikuwa na nini, guka?" nilimwuliza, maana babu kwetu huitwa guka.

"Sikuambiwa. Wala sikuambiwa ni la nani." Kisha akatazama mikono yake. "Nikafika nyumbani, nikasema basi. Yangu ya kubeba nimemaliza."

Baba hakukaa na huzuni ya mzee hata dakika moja. Yeye vita vyake vilikuwa Burma, kupigana na Wajapani, na aliviendesha. Alikuwa dereva wa lori, na bado alikuwa dereva wa lori katika shamba la mkonge, na kwa imani yake dunia iligawanyika mara mbili: wenye magurudumu na wasio na magurudumu.

"Baba, nyinyi mlikufa kwa sababu ya miguu," alisema. "Sisi, hapana! Chakula kilitoka juu. Unasikia? Ndege inapita, inafungua tumbo, mwavuli inatoka, na chini ya mwavuli kuna gunia ya mchele!"

Babu alifumba macho. Tulijua kinachofuata, tukasogea karibu.

"Na hiyo ndege inakula nini?"

"Inakula petroli."

"Petroli ilifika kwa ndege na nini?"

"Na meli. Kwa mapipa."

"Na mapipa yalitolewa kwa meli na nini?"

Baba alikuna shingo. "Na watu."

"Wakafanya nini, hao watu?"

"Wakabeba, baba."

"Aa. Wakabeba." Na babu akaegemea ukuta kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Mara moja tu nilimwona akishindwa. Ni siku baba alipotusimulia jinsi habari zilivyowafikia kambini, kwamba bomu moja, lililoangushwa na ndege moja, limemaliza mji mzima wa Japani, watu na nyumba zao. Tulingoja swali la babu. Kuku wakaanza kuingia ndani, tukingali tunangoja. "Hapo," alisema mwishoni, "sina la kuuliza."

Mama alikuwa akiwasikiliza huku akichambua maharagwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na kila mtu alimwogopa. Viganja vyake vilikuwa na sugu za jembe, kwa maana lile handaki letu lilichimbwa na wanawake, yeye akiwa mmoja wao, asubuhi hadi jioni.

"Nyinyi mlienda kwa vita," alisema. "Mliaga, mkapikiwa, mkaenda. Hii yangu mimi sikuifuata. Imekuja yenyewe mpaka jikoni, ikaketi kwa kigoda changu."

Akatupa punje mbovu kando.

"Na haina mbele wala nyuma," akaendelea. "Adui ni nani? Hana nguo ya kazi. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa mimi, kwa hivyo kila mtu anaulizwa. Ndege ikipita haiangushi mchele, inaangusha maneno. Bunduki ya hii vita ni karatasi. Ukiwa nayo unapita. Ukikosa, hata kama hujafanya kitu, umekwisha."

Karatasi zake alizihifadhi katika mkebe wa majani chai, na mkebe aliulalia. Sasa mimi ni bibi kizee, na wajukuu wangu wananionyesha katika simu zao vita vya siku hizi: kijana ameketi chumbani, anabonyeza kidude, na ndege isiyo na mtu inaua nchi ya mbali. Wanadhani nitashangaa. Mimi nawauliza swali la babu, ni nani aliyeibeba, na kisha nawaambia la mama, itatua jikoni kwa nani. Basi nawarudisha kwenye siku ya arusi yangu, maana siku hiyo vita vyote vitatu vilipanda lori moja.

Mchumba wangu alikuwa karani wa stesheni Ruiru. Alikuwa na masikio makubwa na mwandiko mzuri, na mimi nilianza kuupenda mwandiko nikamalizia na masikio. Babu alimwita "yule mwizi." Mahari ilikuwa imezungumzwa, pombe ikanywewa kwa kificho, kila kitu kilikuwa shwari, ndipo ikaja barua kwamba anahamishwa Voi, na treni yake ni Jumatatu.

Kwa mtu wa leo hilo si neno. Angepanda gari akamfuata. Sisi hatukuweza kuvuka hata mto bila ruhusa. Kama mke mwenye cheti cha ndoa, ningeandikiwa niende naye. Kama mchumba tu, ningebaki ndani ya handaki mpaka Mungu mwenyewe akumbuke kuondoa hali ya hatari. Mhubiri wa kutufungisha ndoa alikuwa akifika Ruiru Jumamosi hiyo tu, na saa nane alikuwa anaondoka kwa treni. Mama alishinda siku tatu mlangoni kwa bwana shauri, yule ofisa wa wilaya, akarudi na karatasi: watu kumi na wawili, siku moja, kwa lori, kwa barabara kuu, Thika hadi Ruiru na kurudi kabla ya jua kutua. Aliitia kwenye mkebe, akaufunga kwa uzi, akaufungia uzi huo shingoni.

Asubuhi ya Jumamosi lango lilipofunguka, tulikuwa tumeshapanda. Baba aliazimwa lori na lile shamba la mkonge. Mbele alikaa yeye na mama na mimi, na gauni langu jeupe likiwa limekunjwa ndani ya shuka mapajani pangu. Fundi wa mjini Thika alilishona kwa mabega ya kufura na urefu wa kufagia sakafu. Nyuma walikaa wanawake wanane wa kijiji na sufuria za mukimo, yaani viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, ndizi, vibuyu vya uji na sanduku langu la bati. Na babu, juu ya gunia, mikono mitupu. Wanawake waliimba tangu kwenye daraja la Chania. Masika yalikuwa yamepiga wiki nzima, lakini asubuhi hiyo mbingu zilikuwa safi, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, nikimpungia mkono kila ng'ombe.

Kwenye kizuizi cha kwanza mama alifungua mkebe, karatasi ikasomwa, tukapita. Ila dereva mmoja aliyetoka mbele akamwambia baba kwamba kizuizi cha pili wanashusha kila gunia na kulimwaga, na malori yamepanga foleni.

Nikaona uso wa baba ukibadilika. Nilikuwa nimeuona uso huo mara nyingi Jumapili. Alikuwa amerudi Burma.

"Barabara kuu ndiyo adui anaingoja," alisema. "Kule, ukienda barabara kuu, umekufa. Unazunguka na msitu."

"Baba watoto," mama alisema, "foleni ni ya kungojwa. Hii ni vita ya kungoja."

"Saa sita itafika tukiwa tunachambuliwa mukimo kwa barabara!"

"Karatasi inasema barabara kuu."

Lakini baba alikuwa ameshakata kona. Tukaingia njia ya shamba, katikati ya mikonge, kuelekea zile tambarare za Juja. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Njia ilikuwa nyekundu na ngumu, baba akipiga mluzi, akinieleza jinsi kule Burma alivyopita kwenye mvua ya miezi na hakukwama hata siku moja. Kisha udongo ukawa mweusi. Mtu wa kwetu anajua udongo mweusi wa Juja ni nini ukinyeshewa. Baba naye alijua, lakini aliyekuwa akiendesha si mtu wa kwetu, ni askari wa Burma. Lori likayumba kushoto, likayumba kulia, likazama hadi vyuma vya tumbo, likanyamaza.

Baba alikata matawi. Akachimba. Akatandika magunia chini ya magurudumu, akaomba tusukume, tukasukuma, na kila tulivyosukuma ndivyo lilivyozidi kuketi, kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja. Babu alishuka taratibu, akalizunguka lori mara moja.

"Sasa ngojea mwavuli," alimwambia mwanawe.

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Ilikuwa imeshapita saa tatu, Ruiru iko maili nne mbele, na machozi yalikuwa yananitoka yenyewe. Akilini nilimwona mchumba wangu mlangoni pa kanisa akitazama saa, nikaona treni, nikaona handaki.

"Tutatembea," nilisema. "Kila mtu achukue mzigo wake, tutembee."

"Hapana," mama alisema, na jinsi alivyosema kila mtu aligeuka. "Fikirini. Mstari wa watu wanatoka porini. Vichwani wana chakula. Hawako kwa barabara. Askari akituona kwa mbali atasema tunapelekea nani hicho chakula?"

Kicheko kilikatika. Sote tulijua chakula cha porini ni cha nani: ni cha wapiganaji waliojificha msituni. Watu walikuwa wamepigwa risasi kwa kikapu cha viazi, na aliyepiga hakuuliza kwanza.

Babu aliligusa lori kwa fimbo. "Mimi nilifundishwa kutembea," alisema. "Huyu alifundishwa kujificha. Sasa wewe, mtoto wangu, hii vita yako inataka nini?"

Mama alifikiri. Kisha akanitazama, akatazama shuka niliyoikumbatia.

"Inataka kuonekana," alisema. "Vaa gauni."

Wanawake wakanizungushia leso zao palepale, kando ya lori, na nikavalishwa gauni la arusi katikati ya mikonge, miguu mitupu, nikilia na kucheka kwa pamoja. Mpango wa mama ulikuwa mwepesi: mimi mbele, gauni jeupe likionekana kutoka maili moja, na nyuma yangu nyimbo za kanisani kwa sauti yote Mungu aliyotupa. Mtu anayejificha haimbi. Mtu anayepeleka chakula msituni haendi na bibi arusi. Baba, aliyekuwa amejificha miaka mitatu katika nguo za rangi ya majani, alitingisha kichwa kama mtu anayeona dunia ikitembea kinyumenyume, lakini alikuwa ameshakosa mara moja asubuhi hiyo na hakutaka ya pili. Alijitwika sanduku langu la bati. Mwenye magurudumu akawa mpagazi.

Nikapiga hatua ya kwanza, mguu ukazama hadi ugoko. Hatua ya pili, pindo la gauni likagusa tope. Hatua kumi za namna hiyo na ningekuwa mweusi kama njia yenyewe, hakuna atakayeniona, na hata nikifika, nifike kanisani nikiwa nimepakwa matope kama chungu. Wanawake walitazamana. Kila mgongo ulikuwa na mzigo, kila kichwa kina sufuria. Hakukuwa na mtu mwenye mikono mitupu.

Alikuwepo mmoja.

Alikuwa ameshavua koti. Alilikabidhi kwa mama, akamkabidhi na fimbo. Akaja mbele yangu, akanigeuzia mgongo, akachutama. Mgongo ule niliujua shati lake tu, sikuwahi kuugusa.

"Panda, mke wangu," alisema.

"Guka, wewe hubebi."

"Panda kabla sijabadilisha mawazo. Na ushike hilo sketi lako, lisinifunike macho."

Nikapanda. Alikuwa na miaka kama sitini, lakini aliinuka kama aliyekuwa akingojea tangu zamani. Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akapaza sauti, na haikuwa sauti ya babu yangu wa Jumapili, ilikuwa ya kijana: mwenye mzigo mzito atembee katikati, mwenye mzigo mwepesi atangulie kupima tope, mtu asikanyage alipokanyaga mwenzake, na atakayechoka aseme, mstari mzima utasimama. Alirudia hilo la mwisho. "Mstari mzima utasimama. Hapa hakuna wa kuachwa."

Tukaenda. Yeye akaanzisha wimbo wa hatua aliotoka nao Tanganyika, ambao sikuwa nimewahi kuusikia, na wanawake wakaushika, na baada ya muda ukawa na maneno ya kanisani ndani yake na sijui yaliingiaje. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mimi nilisikia kila pumzi ya babu ubavuni mwangu, na nilijua vizuri sikuwa usufi. Tulisimama mara nne. Kila tuliposimama alinishusha juu ya jiwe au shina la mkonge, gauni lisiguse chini, akaniuliza, "Huyo mwizi anastahili?" nami nikajibu, "Anastahili kidogo." Alicheka, akachutama tena.

Ndege ilikuja tukiwa uwandani. Ndogo, ya upelelezi, ya zile zilizozoea kupita juu ya kijiji chetu. Wimbo ulitetereka. "Imbeni!" mama alisema. "Wewe huko juu, punga mkono!" Nikaachia sketi kwa mkono mmoja, nikapunga. Ndege ikazunguka mara moja, chini, mpaka nikaona kichwa cha rubani kikituchungulia. Ikazunguka tena. Kisha ikatikisa mabawa, hivi na hivi, kama bata anayetoka majini, ikaenda zake. Wanawake walipiga vigelegele ambavyo nadhani Voi walisikia.

Hatukuwa tumefika mbali askari walipotokea kwenye mikonge, wanne na koplo wao, bunduki mikononi. Mmoja alikuwa na simu ya upepo mgongoni, na waya wake umesimama juu. Tukaganda. Koplo alitutazama mmoja mmoja, akaja kwa babu, akanitazama mimi huko juu.

"Nyinyi ndiyo arusi?" aliuliza kwa Kiswahili cha jeshini. "Ndege imesema iko bibi arusi napanda mzee. Mimi nasema huyo mzungu nakunywa asubuhi!"

Baba alisahau hofu. "Imesema saa hii? Na ndege bado haijafika nyumbani?" Alilizunguka lile sanduku la simu kwa macho ya wivu. "Kule Burma tungeambiwa kesho."

Mama alikuwa ameshakata uzi wa mkebe. Koplo akasoma, akanyanyua nyusi. "Hapa inasema lori. Inasema barabara kuu. Lori wapi?"

"Imezama. Mume wangu aliikosa njia," mama alisema, na kwa heshima zake zote hakusema zaidi. "Lakini soma hapo chini. Inasema kwenda arusi. Watu kumi na wawili. Tuhesabu. Hii ni nini kama si arusi?"

Koplo alituhesabu. Alifunua sufuria, akaonja mukimo kwa kidole, akafikiri. Wakati huo roho yangu ilikuwa mkononi mwake, naye hakujua. Mwishowe akasema neno katika ile simu, ikamjibu kwa kukwaruza, akakunja karatasi na kumrudishia mama kwa mikono miwili.

"Tutawasindikiza," alisema. "Na wewe mzee, shusha. Huyu kijana wangu iko na nguvu, atabeba."

"Hapana," babu alisema. "Huu siuachi njiani."

Tuliingia Ruiru hivyo: askari wawili mbele, mimi juu ya babu yangu, baba na sanduku kichwani, wanawake wanane na mama nyuma, na watoto wa stesheni wakitukimbilia wakidhani nimekamatwa kwa kosa la kuvaa vizuri. Saa ya stesheni ilikuwa imepita saa saba. Mchumba wangu alikuwa mlangoni pa kanisa, masikio yamemsimama kwa wasiwasi. Alikuja mbio kunipokea.

Babu hakunishusha. Alipanda nami ngazi, matope yakimdondoka magotini, akaingia kanisani hivyohivyo, mpaka mbele. Mhubiri alikuwa na haraka ya treni yake, akafungua kitabu bila hata kutusalimu.

"Ni nani anayemtoa binti huyu?" aliuliza.

Jibu lilikuwa la baba. Alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima. Alishusha sanduku, akafungua kinywa, akamwona baba yake, akakifunga. Akamsukuma mzee kidogo, begani, kwa kidole kimoja.

Babu akachutama, akanitua polepole, miguu yangu ikagusa sakafu. Pindo la gauni lilikuwa jeupe. Akabaki pale chini kidogo, akishika magoti, akihema, kisha akanyanyuka na kumtazama mchumba wangu usoni kwa muda mrefu.

"Ni mimi," alisema. "Nilibeba mizigo mingi sikuambiwa ni ya nani. Huu naujua, na mwenyewe namwona."

Akanyoosha mikono yake miwili mitupu, akauchukua mkono wangu, akautia katika mkono wa mchumba wangu. Tulifungishwa ndoa haraka haraka, mhubiri akawahi treni, na Jumatatu, cheti mkononi, nikapanda yangu.